Maswali mnayouliza kila siku kuhusu ile picha ya mbwa mkubwa kando ya maji

Tangu tuitundike hii picha pale mlangoni, kila anayekuja kutengenezesha fremu lazima aulize kitu, na kwenye simu ndo usiseme. Nimeamua kuyakusanya maswali sehemu moja niyajibu mara moja. Mengine nimeyaunganisha maana mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Ukiona swali lako halipo ulizia dukani, chai ipo.

Huyu mbwa ni nani na nani kamchora?

Mchoraji ni Mwingereza, Sir Edwin Landseer, na picha ilioneshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1838 kwenye maonesho ya Royal Academy, chama cha wasanii cha huko. Jina lake kamili ni "A Distinguished Member of the Humane Society", yaani mwanachama mashuhuri wa chama cha kuokoa watu wanaozama. Ndio, mwanachama mwenyewe ni mbwa. Landseer alikuwa na utani wa aina hiyo. Mbwa ni wa aina ya Newfoundland, wale wakubwa wenye manyoya mengi, asili yao kisiwa cha Newfoundland ambacho siku hizi ni sehemu ya Kanada.

Kweli aliokoa watu 23?

Hadithi inayotembea na hii picha ni hivi. Kulikuwa na mbwa anaitwa Bob, alikuwa melini, meli ikavunjika karibu na pwani ya Uingereza, akaogelea akafika nchi kavu, mwishowe akaishia kwenye magati ya London huko akawa anazunguka majini, mtu akitumbukia anamfuata, na kwa miaka 14 akatoa watu 23. Chama kikamsikia, kikampa medali na haki ya kupewa chakula, na uanachama juu.

Mimi nikisimuliwa huwa nauliza, aliyekuwa anahesabu ni nani? Mbwa wa gatini asiye na mwenyewe, miaka 14 mfululizo, na aina hii yenyewe kwa kawaida inaishi miaka 8 mpaka 10 hivi, na wale 23 wanatajwa kwa idadi tu. Sisemi ni uongo mtupu, mbwa hawa kweli wanaokoa watu na nitalifikia hilo hapo chini, ila ichukulie kama stori ya bandarini, na stori ya bandarini kila mtu akiipokea anaongezea chumvi kidogo. Ndo maana mteja akiniambia anainunua kwa sababu ya wale watu 23 namwambia aiangalie kwanza picha yenyewe, hadithi aiweke pembeni, akiona bado anaitaka ndo tuongee bei.

Kwahiyo mbwa wa pichani ndo Bob mwenyewe?

Hapana! Hapa ndo watu wengi wanashtuka. Aliyekaa akachorwa ni mbwa mwingine kabisa, anaitwa Paul Pry, alikuwa mbwa wa familia ya Newman Smith, mbwa wa nyumbani anayekula na kushiba. Hilo jina lenyewe ni la mhusika mmoja mmbea wa tamthilia iliyovuma London miaka ile, mtu wa kuingiza pua kwenye mambo ya watu, na ukiwa na mbwa mkubwa ndani unaelewa kwanini walimpa. Inasimuliwa kwamba wakati anachorwa alilazwa juu ya meza nyumbani kwa Landseer, mtaa wa St John's Wood, London. Yaani lile gati, yale maji, lile anga zito, vyote vimewekwa baadaye na mkono wa mchoraji, mbwa yuko zake mezani.

Kuna wateja hili linawakera, wanahisi wametapeliwa. Mimi halinikeri. Mwigizaji wa filamu akicheza askari humdai cheti cha jeshi.

Hicho chama ni cha haki za wanyama?

Hapana, jina ndo linachanganya. Royal Humane Society ilianzishwa London mwaka 1774 na madaktari wawili, William Hawes na Thomas Cogan, lengo lake watu waliozama. Enzi hizo mtu akitolewa majini hapumui walikuwa wanamhesabu amekufa, basi, akazikwe. Hawa wawili wakasema jamani, wengine bado wako hai, mkiwahi mnaweza kuwarudisha, wakaanza kutoa zawadi ya fedha kwa anayejaribu kuokoa, na baadaye medali.

Njia zao sasa, hapo ndo kuna kichekesho. Moja ya njia zilizokuwa zinapendekezwa ilikuwa kumpulizia aliyezama moshi wa tumbaku kwa nyuma, ndio, huko huko nyuma unakofikiria, kwa mrija na mvukuto, na vifaa vyake viliwekwa sehemu mbalimbali kando ya mto Thames tayari kwa matumizi. Waliamini moshi unaamsha mwili. Baadaye ikaonekana tumbaku ni sumu kwa moyo wakaachana nayo. Chama chenyewe kipo mpaka leo na bado kinatoa tuzo kwa watu waliookoa wenzao.

Ni bahari au ni mto?

Pichani hakuna alama ya bandari yoyote, unaona gati la mawe na maji na anga basi. Hadithi inasema London, na London ni mto Thames, lakini Thames pale mjini unajaa na kupwa kama bahari, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 7 hivi. Kwahiyo anayesema bahari na anayesema mto wote wakae, hakuna wa kumcheka mwenzie.

Mbona mimi naona mbwa kalala tu? Cha ajabu kiko wapi?

Swali zuri kuliko yote na ndo nalipenda kulijibu, tena nalijibu nikiwa nimesimama mbele ya picha na kidole.

Anza na miguu ya mbele. Amejilaza kwenye ukingo kabisa wa gati na makucha yameuvuka ukingo, yananing'inia, na maji yako chini yake kidogo tu. Angekuwa mbwa wa kulala usingizi angesogea ndani kwenye mawe makavu. Huyu yuko pale pale ambapo akisikia kelele ni kujitupa tu. Halafu shuka chini kidogo uone pete ya chuma iliyopigwa kwenye ukuta wa gati, ile ya kufungia kamba za vyombo, iko karibu na maji. Hiyo pete inakwambia hapa ni sehemu ya kazi, vyombo vinafunga hapa, watu wanapanda na kushuka hapa, na wanaotumbukia wanatumbukia hapa. Pia inakupa kipimo, ukishajua pete ya gati ina ukubwa gani ndo unaelewa mbwa ni mkubwa kiasi gani.

Sasa panda juu. Kifua cheupe kimepigwa na jua kinawaka, kichwa ni cheusi na kimewekwa mbele ya anga la mawingu, mdomo uko wazi kidogo, ulimi unaonekana, macho yanaangalia mbali, hayakuangalii wewe. Hili la macho ni muhimu. Landseer alichora mbwa wengi wanaomwangalia mtu kwa huruma mpaka unataka kulia, na hata mimi nikizichoka hizo nazielewa wanaozichukia. Huyu hakuombei chochote, ana shughuli zake.

Alafu ukishaona hivyo rudi kwenye ukubwa. Originali ina sentimita 111.8 kwa 143.5, maana yake ukisimama mbele yake mbwa anakaribia saizi yake halisi. Turubai kubwa namna hiyo, mtu mmoja katikati, mandhari ya kishua nyuma, hiyo ndo ilikuwa staili ya kuchora mabwana wakubwa, majemadari, mabwanyenye wenye mashamba. Landseer kachukua nafasi ya bwana mkubwa kamkalisha mbwa wa gatini, wala hajamvalisha kofia wala miwani kama wanavyofanya siku hizi kwenye kalenda. Kamwacha mbwa awe mbwa, ila heshima kampa yote. Kwangu mimi utamu wa picha uko hapo, na hautegemei kabisa kama Bob aliokoa 23 au 3 au hakuokoa mtu.

Manyoya nayo angalia. Ukisogea karibu kwenye printi nzuri utaona hajachora unywele mmoja mmoja, ni mapigo mapana ya brashi, meupe yamechanganywa na kijivu na ubuluu kidogo, ukirudi nyuma hatua mbili tatu yanageuka manyoya mazito yenye unyevu wa bahari. Wale wanaotuletea picha za manyoya yaliyochorwa unywele kwa unywele wakidhani ndo ufundi waje wasimame hapa.

Landseer mwenyewe alikuwa mtu gani?

Alizaliwa London 1802, baba yake fundi wa kuchonga picha kwenye chuma, na kina Edwin walikua ndani ya hiyo kazi. Alikuwa mtoto wa ajabu, akiwa kijana mdogo tayari anaonesha Royal Academy. Mwalimu wake Benjamin Robert Haydon alimsukuma apasue mizoga ya wanyama aone misuli imekaaje, na ndo maana wanyama wake wana mifupa ndani, sio magunia. Sifa moja iliyomfuata ni kwamba alikuwa anaweza kuchora kwa mikono yote miwili kwa pamoja, huku kichwa cha farasi huku cha paa.

Malkia Victoria alikuwa anamkubali sana, Landseer ndo alimchorea mbwa wake Dash mwaka 1836, na mwaka 1850 Landseer akapewa cheo cha Sir. Ukiwa umefika London pale Trafalgar Square ukapiga picha na wale simba wanne wa shaba, kazi ni yake pia, waliwekwa 1867. Ila maisha yake hayakuwa mepesi, karibu na 1840 akili ilimtetereka na hakuwahi kutulia sawasawa baada ya hapo, akafariki 1873 na kuzikwa kwenye kanisa kuu la St Paul's, London.

Umaarufu wake lakini haukutokana na turubai tu. Kaka yake Thomas alikuwa anazichonga hizi picha, zinapigwa chapa, zinauzwa kwa watu wa kawaida, kwahiyo nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na Landseer ukutani bila kuwahi kuona originali hata moja. Biashara yetu hii ya printi na fremu ni ya siku nyingi jamani, msituone wa juzi.

Nimeona nyingine inafanana ila ina mtoto kwenye miguu ya mbwa, ni hiyohiyo?

Sio hiyo. Hiyo inaitwa "Saved", ya 1856, Landseer huyohuyo, mbwa amemtoa mtoto majini. Watu wanaipenda, tunaiuza. Mimi naona imezidisha, kila kitu kimesemwa mpaka hamna cha kubaki unawaza, lakini mteja ndo anayelipa.

Ni kweli hawa mbwa wanaokoa watu au ni sinema?

Ni kweli. Newfoundland walifugwa na wavuvi, kazi zao zilikuwa kuvuta nyavu, kupeleka kamba kutoka chomboni hadi nchi kavu, na kuvuta mikokoteni. Wana ngozi kati ya vidole inayosaidia kupiga maji, manyoya ya tabaka mbili, la juu lina mafuta linazuia maji na la chini linatunza joto, na dume anafika kilo 65 au 70 kwahiyo ana nguvu ya kumburuta mtu mzima. Italia kuna shule ya mbwa waokoaji wa baharini iliyoanzishwa 1989 na Ferruccio Pilenga, Newfoundland ni kati ya mbwa wanaotumika, wanakaa fukweni na waokoaji binadamu, wengine wanafundishwa mpaka kuruka kutoka kwenye helikopta. Mbwa anafanya kazi na mtu aliyefunzwa, hafanyi peke yake kama kwenye hadithi ya Bob.

Na wale wenye rangi nyeupe na nyeusi kama huyu wamepewa jina la mchoraji, wanaitwa Landseer. Uingereza na Marekani wanahesabiwa kama Newfoundland wa rangi tofauti tu, lakini shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linawatambua kama aina inayojitegemea.

Nataka kumfuga Dar / Mombasa, mnajua wanapouzwa?

Sisi tunauza fremu ndugu zangu. Lakini kwa vile mnauliza sana nitasema, usifanye hivyo. Huyu kaumbwa kwa maji ya baridi ya Atlantiki ya kaskazini, umletee joto la Dar la mwezi wa pili na unyevu ule, hana jasho la kumpoza, anategemea kuhema tu, na kwenye hewa yenye unyevu mwingi kuhema hakusaidii vya kutosha. Utaishia kumwashia kiyoyozi mchana kutwa na Luku unaijua. Ongezea chakula, udenda (wanatoa udenda si mchezo), matatizo ya nyonga na ya moyo ambayo aina hii inayo, na daktari wa mifugo aliyezoea mbwa wa saizi hiyo sio kila mtaa utampata. Ukiwa Arusha juu huko au Lushoto labda tuongee, pwani hapana. Chukua picha, haili.

Sisi ni Waislamu, ni sawa kutundika picha ya mbwa sebuleni?

Hili naulizwa na wateja wengi tu hasa wa Zanzibar na Tanga na nalijibu kwa heshima. Zipo hadithi za Mtume zinazotaja malaika kutoingia nyumba yenye mbwa au picha, na wanazuoni wana maelezo yao kuhusu picha za viumbe wenye roho, zipi na wapi. Mimi ni fundi fremu, sio wa kutoa fatwa, muulize sheikh wako unayemuamini. Kama mna wasiwasi ipo michoro mizuri ya majahazi na milango ya Stone Town, hata nusu saa haiishi unapata unachokipenda. Kuna mama mmoja alichukua hii akaenda kuiweka ofisini kwake badala ya nyumbani, ni yeye na maamuzi yake.

Originali iko wapi na ni shilingi ngapi?

Iko London, kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya sanaa ya Tate, ilifika kwenye mkusanyiko wa taifa mwaka 1887 kwa wasia wa Newman Smith, yule yule mwenye mbwa. Haiuzwi. Tate Britain kuingia kuona mkusanyiko wao ni bure, ila picha zinazungushwa, nyingine zinakaa stoo, kwahiyo kama una safari angalia kwanza kwenye tovuti yao kama iko ukutani usije ukatulaumu sisi. Na anayekuja kukuuzia "originali" hapa mjini, mkimbie.

Naweza kudownloadi mwenyewe niwaletee mprinti?

Mchoraji kafariki 1873, haki zake kwenye mchoro zilishaisha zamani. Lakini ile picha iliyopigwa na makumbusho inaweza kuwa na masharti yake ya matumizi, hasa ukitaka kuuza, soma kabla.

Ubora sasa. Msiniletee iliyopita WhatsApp! Inabanwa, manyoya yanakuwa uji. Kwa printi ya upana wa sentimita 54 ikiwa safi kabisa nataka faili la pikseli 6,400 hivi kwa upana, ukinipa 3,200 bado itatoka ya kuangaliwa kwa mbali, chini ya hapo nitakurudishia.

Na tafadhali acheni kung'ang'ania A2. A2 ni 42 kwa 59.4 na umbo la hii picha sio hilo, kwa urefu wa 42 upana wake ni 54. Ukitaka ijaze A2 yote lazima tukate zaidi ya sentimita 4 juu au chini, juu tunabana anga, chini tunakula maji na pete ya gati, na nimeshaeleza pete ina kazi gani. Nitaiprinti 42 kwa 54 na kuizungushia kadibodi nyeupe, itakaa vizuri kuliko ulivyofikiria.

Fremu ipi inafaa kwa nyumba iliyo karibu na bahari?

Mbao ngumu iliyokaushwa vizuri, mninga ukiweza. Hizi za MDF (mbao za unga uliobanwa) zikivuta unyevu zinavimba kwenye kona mwaka hauishi. Misumari na vishikio viwe vya shaba au stenlesi, vya chuma cha kawaida vinaliwa na chumvi na kutu inashuka kwenye karatasi. Kioo kisigusane na printi, ndo maana tunaweka kadibodi katikati, zikigusana na unyevu ukaingia karatasi inagandia kwenye kioo na hapo hata mimi siwezi kukutolea. Nyuma tunaziba kwa tepu ya karatasi na kuacha vipira vidogo kwenye kona za chini ili fremu isilale ukutani, hewa ipite. Usiitundike inapopigwa na jua la saa kumi, utabaki na mbwa wa bluu.

Mnaweza kunichorea mbwa wangu kwa staili hii?

Tuna kijana anachora rangi ya mafuta, anaweza, ila kazi nusu iko kwenye picha utakayomletea. Chuchumaa, simu iwe usawa wa macho ya mbwa au chini yake kidogo, Landseer kamwona wake kutoka chini kidogo ndo maana anaonekana mkubwa vile. Piga asubuhi au jioni jua likija kwa ubavu, sio saa sita. Usimwite jina, akikuangalia umeshaiharibu, mtu mwingine afanye kelele pembeni mbwa aangalie huko. Miguu yote ya mbele ionekane mpaka makucha. Mbwa koko anafaa kabisa, wala usimwogeshe kwanza.

Malipo nusu kabla, nusu ukichukua, na bahari tunaiweka sisi.